Siku moja maishani mwangu: boti inayolala kushoto

Saa 12:20 asubuhi. Mbaazi za jirani hazijaiva, nimekula mahamri makavu na chai ya rangi. Leo ni maji mafu, yale yasiyojaa sana, na kujaa ni saa 4 na ushei. Boti ya leo lazima iwe imeshajaribiwa na kupandishwa kwenye trela kabla maji hayajaanza kutoka.

Saa 1:30. Nimefika Mtwapa, mwenye boti yuko gatini ananingoja. Nikamwamkia. Marahaba hakuimaliza, ameshaanza: "Fundi, hii boti ikienda polepole ni malaika. Nikiipa moto tu, inanilalia kushoto mpaka mke wangu anashika kuta." Fundi aliyenitangulia alimbadilishia propela. Ilipokataa, akakizungusha kile kipezi kidogo chini ya injini. Kipezi kile kazi yake ni kupunguza usukani kuvuta upande mmoja, hakiinui boti.

Nikaitazama ikiwa imetulia. Iko sawa kama sinia. Tangi la mafuta lipo katikati, betri haiko pembeni, ngama, pale chini ndani maji yanapokusanyika, ni kavu. Basi si mzigo, wala si maji yaliyojificha ndani.

Saa 2:15. Tumetoka, mimi na kijana wangu. Propela ya injini hii, ukiitazama kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, inazunguka kulia, kwa hiyo boti yenyewe hutaka kujipindua kushoto. Ndiyo sababu boti nyingi za injini moja zina kiti cha usukani upande wa kulia, uzito wa dereva unasawazisha. Kulala kidogo si ugonjwa. Hii ilipopita kilomita 40 kwa saa ililala hata chupa ya maji ikabingirika mpaka ukutani.

Nikageuza, nikarudi njia ile ile. Watu wengi hawafanyi hivi. Kusi likikupiga ubavuni, unakata usukani kuelekea goshini, upepo unakotoka, ili usisukumwe, na boti yenye tumbo la V inalalia upande huo huo wa upepo. Unarudi nyumbani ukilaani injini bure. Ingekuwa upepo, kurudi ingelalia upande wa pili. Hii yetu ililala kushoto kwenda na kurudi. Kijana akahamia kulia kabisa, ikapungua, haikuisha.

Saa 4:10. Imepanda kwenye trela. Na hapo hapo nikaona: ubao wa kulia unaobeba tumbo la boti ulivunjika zamani, mtu akaukata ukabaki mfupi. Mwisho wa tezi upande ule unaning'inia hewani, na injini nzito imefungwa pale pale. "Imekaa hivi muda gani, mzee?" "Tangu kaskazi iliyopita."

Saa 5:00. Tumeihamishia kwenye magogo, tumeiosha chumvi. Nimelala chali chini yake na rula ya alumini ya mita moja na nusu, kijana anamulika tochi kwa nyuma. Upande wa kushoto hakuna mwanga unaopita. Kulia, katikati ya rula, ukatokea mstari mweupe. Nikapenyeza sarafu mbili za shilingi 20 zikiwa zimelaliana, zikaingia. Karibu milimita 4 tu, lakini boti ikishapaa juu ya maji, inayogusa ni sehemu ndogo ya nyuma. Ukingo wa nyuma, ulioshuka kwa kuning'inia kwenye trela, unasukuma maji chini, maji yanauinua upande wa kulia. Kushoto kutafanya nini? Kunazama.

Saa 8:00. Wali, samaki wa kupaka, na kausingizi ambako sitakataa.

Saa 8:45. Msasa. Rangi yote pale imetoka mpaka faibaglasi yenyewe, na ule ukingo nimeula kidogo kidogo. Shimo linajazwa kwa epoksi na unga wake. Pati ya gari sitaki kuiona chini ya maji, inanyonya kama sponji. Nilimwambia kijana achanganye kidogo kidogo. Akajaza kopo zima ili tumalize upesi. Kwa joto hili la Pwani, dakika chache kopo likaanza kufuka moshi, kijiti kikagandia ndani kama mshumaa. Tukaanza upya, safari hii ujazo wa kikombe cha kahawa.

Saa 11:00. Tumejaza, tumevuta kwa rula ile ile. Hakuna kugusa mpaka kesho. Muda uliobaki nimekata ubao mpya wa trela, mrefu, unaofika mwisho kabisa wa tezi. Usipowekwa huo, mwakani tutaonana tena.

Saa 12:30 jioni. Naoga maji baridi, vumbi la faibaglasi linawasha shingo yote. Simu ikalia.

"Kesho tunaishusha, fundi?"

"Kesho ni msasa na rangi, mzee. Maji ni kesho kutwa."

Akanyamaza kidogo. "Na ile propela yangu ya zamani?"

"Unayo bado?"

"Ninayo stoo."

"Ilete. Haikuwa na kosa."