Siku 62

Jumatatu usiku Brian aliniuliza swali jikoni, nami nikamjibu habari ya chai. Leo Ijumaa bado nalisikia.

Alikuwa amesimama kando ya jiko, daftari la Kemia kwapani, kwa maana kesho yake alikuwa na karatasi ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Dada yangu, mama yake Brian, alikuwa amemaliza kuongea kwa simu na Greg, mchumba wake Mmarekani. Nilikuwa namweleza, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, kwamba yule wakala wa viza za Marekani aliyewaambia "oaneni kwa DC haraka, mengine yatajipa", yaani waoane kwenye ofisi ya serikali, alikuwa anamwacha Brian nyuma. Ndipo kijana akasema:

"Anti, kwa hivyo siku 62 ndizo zimenitoa kwa watoto wa mama?"

"Chai yako inapoa."

Akachukua kikombe akaenda chumbani. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Hizo siku alizihesabu mwenyewe. Alitimiza miaka 18 tarehe 9 Septemba, siku 62 kabla ya Jumatatu hiyo. Sheria ya Marekani inasema hivi: raia wao akioa mama mwenye watoto, mtoto anahesabiwa kuwa wa kambo wake ikiwa ndoa ilifungwa kabla mtoto hajatimiza 18. Haiangaliwi siku ya kutuma fomu wala siku ya mahojiano. Ni siku ya ndoa tu. Kama dada na Greg wangetia sahihi kwa DC mwezi Agosti, Greg angeweza kumwombea Brian kwa fomu yake ya I-130, ile ya kumwombea jamaa, bila shida. Wakitia sahihi Disemba, Greg hana tena fomu ya kumjazia kijana huyu.

Tabby, mdogo wake Brian, ana miaka 11, yuko salama kwa njia yoyote, lakini hata yeye angehitaji I-130 yake. Fomu ya mke wa raia haimbebi mtoto mgongoni. Kila mtu na fomu yake, kila fomu na ada yake. Nimeona familia za huku zikijikwaa hapo mara nyingi. Mama anajaziwa, watoto wanaorodheshwa katika ukurasa wa majina, watu wanangoja zaidi ya mwaka, halafu siku ya kupanga mahojiano wanaambiwa watoto hawana faili. Kuorodhesha jina si kuomba viza.

Na Brian? Angengoja mama afike kwanza, apate grini kadi, kisha mama ndiye amwombee kama mkaazi. Hiyo ni foleni yenye idadi maalumu ya viza kila mwaka. Akifika 21 akiwa bado foleni, anaweza kusukumwa kwenye foleni ya watoto wakubwa, ile ya miaka na miaka. Akioa kabla mama hajawa raia, ombi linakufa. Haya yote nilikuwa nayajua Jumatatu usiku, ndiyo maana nikasema chai inapoa. Lakini aliuliza kama yeye bado ni mtoto wa mama yake. Hakuuliza habari ya fomu.

Jumatano nililala saa nane usiku nikipiga hesabu upya. Nilianza na tarehe ya kuzaliwa ya Brian badala ya tarehe ya harusi, na mambo yakafunguka.

Viza ya mchumba, K-1, ina K-2 kwa watoto wa mchumba. Watoto huingia ndani ya ombi moja la I-129F, fomu ya kumwombea mchumba, na sharti lao ni kuwa chini ya miaka 21 na wasiwe na ndoa. Lile la 18 halipo. Tena mwaka 2011 bodi ya rufaa za uhamiaji ya Marekani iliamua kwamba umri wa mtoto wa K-2 unaangaliwa siku anapoingia nchini, si siku ambapo faili lake la ukaazi linafunguliwa. Brian ana miaka miwili na miezi kumi kabla ya 21. Hiyo nafasi inatosha. Nilisimama nikazunguka meza mara mbili, kwa furaha.

Njia hii si ya bei rahisi, nami sitaki dada aingie bila kujua. Kwa viwango vya Aprili 2024, I-129F ni dola 675. Viza ni dola 265 kila mmoja, watatu ni 795. Wakishafika, Greg na dada waoane ndani ya siku 90, na ni lazima awe Greg mwenyewe. Kisha kila mmoja anajaza I-485, fomu ya kuomba ukaazi, dola 1,440 kwa dada, 1,440 kwa Brian, na 950 kwa Tabby kwa kuwa yuko chini ya 14 na anajaza pamoja na mzazi. Jumla dola 5,300, kabla ya tiketi na daktari wa Nairobi aliyeidhinishwa na ubalozi. Dada hataweza kufanya kazi mpaka kibali cha kazi kitoke. Kwa familia isiyo na mtoto aliyepita 18 ningesema bila kusita: oaneni, chukueni njia ya mke, afike tayari akiwa mkaazi. Hapa Brian ndiye anayeamua njia.

Kitu kinachoweza kuharibu yote ni ayie, utoaji wa mahari kwa mila ya Waluo. Baba yao Brian na Tabby alifariki bila kuleta hata shilingi moja kwetu, na mama amengoja miaka hii yote binti yake atolewe mahari kwa heshima. Greg yuko tayari kuja Disemba. Lakini Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014, kifungu cha 43, inasema malipo kidogo tu ya mahari yanatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Afisa wa ubalozi akiona picha za ayie anaweza kusema hawa si wachumba, wameshaoana, na K-1 si yao. Na kama wameshaoana baada ya 9 Septemba, Brian ametoka tena. Simwambii mtu afiche picha. Kudanganya ubalozi kunaweza kukufungia mlango maisha. Nasema ayie yenyewe ingoje, ifanyike wakirudi kutembea, na mama avae kitenge chake siku hiyo. Jana nilimwambia. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Ng'ombe watakuwa wamenona."

Kwa hivyo kazi ya wiki ijayo ni hii. Brian aende kuomba kitambulisho, kwani bila hicho hawezi kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, na Marekani wanakidai kwa kila aliyefika miaka 16. Dada atafute cheti cha kifo cha baba watoto, tuangalie kama jina linalingana na vyeti vya kuzaliwa. Katika cha Tabby ameandikwa kwa jina la utani la kijijini, hilo lazima tulishughulikie kabla halijafika Nairobi. Greg atume nakala ya muhuri wa pasipoti yake ya Aprili na kipande cha tiketi ya ndege, maana lazima wathibitishe walionana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kutuma ombi. Picha za ufuo wa Dunga, Kisumu, wakila samaki, ziko kwenye simu yangu.

Leo jioni Brian alirudi kutoka shuleni nikamwita mezani. Nilikuwa nimefungua I-129F kwenye kompyuta, pale panapoandikwa watoto wa mchumba. Jina lake lilikuwa la kwanza, la Tabby chini yake. Alilisoma, akasogeza kiti karibu, akalisoma tena akifuata herufi kwa kidole juu ya kioo.

"Hapa wameandika mtoto," akasema.

"Ndiyo. Mtoto."

Akaniuliza kama kuna chai.