Saa 24 za Mshukiwa: Kuwaandika Polisi wa Uingereza Ukiwa Lamu

Vijana wanaoandika hadithi za upelelezi hapa Lamu huniletea miswada inayofanana: kijana wa Amu amekwenda kusoma Birmingham, mwenzake wa chumbani anakutwa amekufa, na inspekta wa Kiingereza, bastola kiunoni, anamtia ndani wiki mbili mpaka aseme. Bastola ni jambo dogo. Ifutwe tu, kwani polisi wengi wa huko hawabebi silaha za moto. Kinachonikera ni zile wiki mbili, maana kwa kuziandika mwandishi ametupa kitu ambacho kingeibeba hadithi yake.

Katika England na Wales, mahabusu ya polisi inaongozwa na Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya 1984, ambayo polisi wenyewe huiita PACE. Kwa kawaida saa huanza kuhesabiwa mshukiwa anapofikishwa kituoni, na zikitimia 24 sharti afunguliwe mashtaka au aachiliwe. Kwa kosa zito kama mauaji, afisa wa cheo cha suprintendenti anaweza kuziongeza hadi 36. Baada ya hapo polisi hawana budi kuwaomba mahakimu, ambao nao hawawezi kuvuka jumla ya saa 96. Kesi za ugaidi zina kanuni zake, na sishauri mtu aanzie huko.

Sasa mtie ndani kijana wetu. Amefikishwa kituoni saa mbili usiku. Anayempokea ni sajini wa mahabusu, asiyehusika na upelelezi wa kesi hiyo, ambaye humweleza kwamba ana haki ya kupata wakili bila malipo, mkalimani, na kuujulisha ubalozi wa nchi yake. Kijana anaomba mkalimani wa Kiswahili. Kanuni zinataka apumzike saa nane mfululizo katika kila saa 24, kwa kawaida usiku. Basi yeye analala, na inspekta anakesha akiitazama saa ya ukutani, ambayo haimngojei aliyelala. Mkalimani anafika saa nne asubuhi. Zimebaki saa kumi, na ndani yake mna chakula, sala, na mazungumzo ya faragha na wakili ambayo mpelelezi haruhusiwi kuyasikiliza. Nikiletewa ukurasa kama huo nitausoma hadi mwisho bila ya risasi hata moja kulia.

Maneno ya onyo nayo yasichukuliwe kutoka filamu za Marekani. Mshukiwa wa England huambiwa kwamba halazimiki kusema lolote, lakini utetezi wake unaweza kudhurika iwapo, anapohojiwa, atalinyamazia jambo atakalolitegemea baadaye mahakamani. Kipande hicho cha pili kimetokana na sheria ya 1994, na ndicho kinachomtia wakili kwenye mizani: amshauri mteja wake anyamaze, au aseme?

Maalim mmoja mstaafu aliniuliza barazani, "Mwanangu, sheria za Wazungu zatuhusu nini?" Nilimjibu kwamba msomaji wetu anazijua za kwake. Anajua kwamba Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kwa hiyo ataona mara moja kwamba mpelelezi wa Birmingham anabanwa na kamba nyingine kabisa.

Vyeo havihitaji maneno mengi: inspekta wa upelelezi hamzidi cheo inspekta aliyevaa sare. Uamuzi wa kumshtaki mtu kwa mauaji pia si wake, bali ni wa waendesha mashtaka wa serikali, CPS, walioanza kazi 1986.

Na mwandishi atakayeihamishia maiti yake Glasgow itambidi aanze upya, kwa sababu Scotland ina sheria zake. PACE haitumiki huko, mahabusu huanza na saa 12 zinazoweza kuongezwa hadi 24, vifo vya kutiliwa shaka huchunguzwa chini ya afisa wa mashtaka aitwaye procurator fiscal, na shahidi mmoja peke yake, hata awe mkweli kiasi gani, hatoshi kumtia mtu hatiani.