Mkanda wa paka lazima ukubali kuachia

Wengi wanaponunua mkanda wa kumvisha paka shingoni kwa mara ya kwanza huuvuta kwa mikono miwili, wakiona hauachii wanaridhika. Huo ndio mkanda wa kurudisha dukani. Paka hupanda miti, hujipenyeza kwenye ua, huruka kutoka juu ya kabati. Siku mkanda ukinasa kwenye tawi au ncha ya nondo, kitakachomwokoa ni kifungo kufunguka chenyewe kwa uzito wa mwili wake. Kifungo cha chuma chenye ulimi na matundu, kama cha mkanda wa suruali, hakifai kwa paka hata kidogo.

Mkanda wenye kipande cha mpira unaovutika nao huuzwa kama mkanda salama. Mimi siupendekezi. Mpira ukivutika unatoa nafasi ya kupitisha mguu wa mbele, kisha unarudi na kubana chini ya kwapa. Kila anapotembea paka, mkanda unasugua palepale, na kidonda cha kwapani ni kigumu kupona kwa sababu ngozi ya hapo haitulii. Kuna wanaofanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Tafuta kifungo cha plastiki ambacho ncha zake mbili huachana zikivutwa, bila mtu kubonyeza popote.

Usiyaamini maandishi ya kwenye pakiti, jaribu kifungo mwenyewe. Funga mkanda uwe duara, upitishe kwenye kitasa cha mlango, kisha tundika ndani ya duara hilo mfuko wenye uzito unaopungua kidogo ule wa paka wako. Chupa ya lita moja iliyojaa maji ina kilo moja, kwa hiyo paka wa kilo 4 mjaribie chupa tatu. Kifungo kikiendelea kushika, mkanda huo usimvishe. Kitoto cha paka cha kilo moja na nusu hakiwezi kufungua kifungo kilichotengenezewa paka mzima, na hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, maana mkanda wa paka mkubwa unaweza kupunguzwa ukamtosha shingoni wakadhani mambo yamekwisha.

Kipimo cha shingo ni vidole viwili vilivyolala bapa kati ya mkanda na ngozi. Vikiingia kwa shida, umebana. Vikiingia vitatu, umelegea, na uliolegea una hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani: paka akijilamba kifuani taya la chini huingia chini ya mkanda, na akihangaika kulitoa anajiumiza mdomo. Paka wengi hukaza shingo wanapovishwa, kwa hiyo pima tena baada ya dakika kumi. Kitoto kinachokua kipime kila wiki. Mwenye manyoya marefu usimtazame kwa macho tu. Ingiza vidole hadi kwenye ngozi, kwa sababu mkanda unaweza kukata nyama huku manyoya yameuficha.

Siku za kwanza mvishe wakati wa kula, na uwepo nyumbani. Atajikuna, atarudi nyuma kinyumenyume, pengine atalala chini akatae kutembea. Wengi huzoea ndani ya siku chache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwafuatilia paka 538 kwa miezi sita, na 391 kati yao walimaliza miezi yote wakiwa na mikanda. Waliojinasa kwenye kitu, au walionaswa mguu au mdomo, walikuwa 18. Wamiliki wengi wa paka wangebashiri idadi kubwa zaidi ya hiyo.

Kibati cha utambulisho kinachoning'inia kwenye mkanda kiwe kidogo na chepesi, kimechongwa na si kuandikwa kwa kalamu. Weka namba ya simu kwanza, ikiwa na msimbo wa nchi, kisha namba ya pili ya mtu mwingine wa nyumbani. Upande wa pili andika kwamba paka ana chipu, yaani kifaa kidogo cha utambulisho kilichowekwa chini ya ngozi. Jina lake si lazima. Msimbo wa QR peke yake hautoshi, kwani aliyemwokota usiku anaweza asiwe na intaneti. Ndoano ya umbo la S hufunguka polepole na kibati kikapotea. Tumia pete ya kuzunguka kama ya funguo. Bora zaidi ni namba iliyofumwa kwenye mkanda wenyewe, haina kinachoning'inia wala kugongagonga bakuli.

Kwa kuwa mkanda mzuri ni ule unaoweza kuanguka, lazima pawe na kitu kisichoanguka. Ndiyo kazi ya chipu: kijibomba cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2, kinachochomwa kwa sindano chini ya ngozi kati ya mabega. Haina betri na haioneshi paka yuko wapi. Ikipitishiwa skana, yaani kifaa cha kuisoma, inatoa namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15, na namba hiyo haina maana mpaka isajiliwe pamoja na simu yako. Katika utafiti uleule, chipu zilizosomeka mwishoni zilikuwa 477 kati ya 478. Mara nyingi kinachoshindikana ni usajili: namba ya simu ya zamani, au chipu iliyobaki kwa jina la aliyekupa paka. Ukibadilisha simu, sahihisha usajili siku hiyohiyo.

Kila anapokwenda kuchanjwa, mwombe daktari wa mifugo apitishe skana. Chipu huweza kuhama ikafika begani au kifuani, kwa hiyo apitishe polepole mwili mzima wa mbele, si mgongoni tu. Namba yake ipige picha ukae nayo kwenye simu.

Paka wa ndani anahitaji haya yote sawa na anayezurura. Mlango ukiachwa wazi akatoka, hajui njia za nje, hujibanza mahali kimya, na jirani anayemwona bila mkanda atamdhania ni paka shume asiye na mwenyewe. Nunua mikanda miwili ya akiba na vibati vyake tangu mwanzo. Akirudi shingo tupu, mvishe mwingine kabla hajatoka tena, kisha mkague kwapani na mdomoni.