Saa 48 za mtendaji

Mgambo alinikuta nafunga mikungu ya ndizi mshare kwa ajili ya soko la Kiboriloni. Kijana niliyemwona akizaliwa, lakini siku hiyo alisimama kule kwenye njia ya mfereji, hakuingia uani. "Shikamoo mama. Unaitwa ofisini. Mtendaji wa kijiji amesema uje na simu."

Nilijua ni nini. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeandika kwenye grupu la WhatsApp la kijiji kwamba kila kaya ilitoa shilingi 20,000 za bomba la maji kabla ya masika, masika yamekuja na kupita, bomba liko wapi? Sikumtaja mtu wala sikuandika neno wizi. Ila niliweka picha ya stakabadhi yangu, na nadhani hiyo ndiyo iliyomuuma: kipande cha karatasi ya daftari, hakina namba wala mhuri, sahihi tu.

Ofisini mtendaji hakunikaribisha kiti. Alinisomea ujumbe wangu kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayemsomea mtoto makosa yake ya imla. Akachukua simu yangu, akaitia kwenye droo. "Unachochea wananchi. Futa hayo maneno, omba radhi humohumo kwenye grupu, la sivyo nakuweka ndani saa 48."

Nisijisifu, magoti yalikuwa yananicheza. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya sokoni tu: mtu akikudai, mwambie aandike. Nikamwambia, "Mtendaji, mwanangu, sikatai. Niandikie kosa langu kwenye karatasi, weka jina lako na mhuri, nami nitakaa ndani."

Akavuta karatasi. Akaandika tarehe. Kisha kalamu ikasimama. Nilisikia mlio wa saa ya ukutani. Baadaye akafungua droo, akanirudishia simu bila kunitazama. "Nenda, nitakuita."

Sikwenda Kiboriloni. Nilipanda bodaboda hadi kwa msaidizi wa kisheria wa kata yetu, ndizi nikaziacha ziivie nyumbani. Yeye ndiye aliyenionyesha hizo saa 48 zinatoka wapi: Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, kifungu cha 7 kwa mkuu wa mkoa na cha 15 kwa mkuu wa wilaya. Mtendaji wa kijiji hayumo. Na hao waliomo hawaruhusiwi kumweka mtu ndani kwa sababu amewaudhi. Lazima pawe na kosa la jinai au hatari ya kuvunjika kwa amani, na mtu afikishwe kwa hakimu ndani ya saa hizohizo, la sivyo aachiwe. Ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni, nilikuwa nimeisikia redioni. Hili la saa 48 sikuwa nalijua, na nadhani wengi wanaotishiwa nalo hawalijui.

Alinionya pia. Chini ya ujumbe wangu kuna mtu alikuwa ameandika kwamba mtendaji amejengea nyumba pesa zetu. "Hilo usiliunge mkono hata kwa kidole gumba. Una ushahidi wa nyumba? Wewe una stakabadhi. Kaa na stakabadhi yako." Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina mzaha na anayesambaza taarifa za uongo.

Tukaandika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ijibu ndani ya siku 30. Niliomba mapato na matumizi ya fedha za bomba, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nilipoipeleka sikuondoka mpaka nakala yangu ilipogongwa mhuri wa kupokelewa, na hapo karani alinizungusha kuliko mtendaji mwenyewe.

Kipindi kigumu kilikuwa nyumbani. Shemeji yangu alikuja jioni, akakataa hata chai. "Shemeji, unatuletea balaa. Kesho mwanao akitaka barua ya utambulisho, nani atamgongea mhuri?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kabla siku 30 hazijaisha ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji, ambao ulipaswa kukaa kila miezi mitatu na wetu ulikuwa na miezi saba haujakaa. Nilisimama, nikainua kikaratasi changu. Jirani yangu, mjane, akainua chake. Kisha wanawake wa benchi la nyuma, wengine walikuwa wamevikunja kwenye fundo la khanga. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenyekiti akamwambia mtendaji asome hesabu.

Mabomba yalikuja wiki mbili baadaye, lakini hayakutosha kufika kwetu juu. Fedha iliyobaki imeandikwa "usafiri na mengineyo". Nimeomba mchanganuo wa hayo mengineyo. Barua ya pili imeshagongwa mhuri, leo ni siku ya 11.