Nilivyozungusha polaraizesheni ya Wi-Fi kwa springi za shaba

Springi zote zisokotwe upande mmoja. Hilo ndilo linalozungusha polaraizesheni, yaani mwelekeo wa mtetemo wa wimbi. Mengine yote ni maandalizi. Karl Lindman wa Finland alilionyesha jambo hili mwaka 1914 kwa springi za shaba zilizofungwa kwenye pamba. Mimi nilitumia chaneli ya 6 ya Wi-Fi, GHz 2.437, wimbi la sm 12.3.

Waya niliutoa kwenye kebo ya kawaida ya nyumba, mm² 1.5, nikauvua plastiki. Nusu ya wimbi ni sm 6.15, lakini nilikata vipande vya sm 5.6 makusudi. Springi ikilingana kabisa na wimbi hunyonya mno, tena hunyonya mtetemo unaozunguka upande mmoja kuliko unaozunguka wa pili. Mtetemo hutoka ukichora duaradufu badala ya mstari, na pembe uliyozungushwa haisomeki vizuri. Kila kipande nilikizungusha kwenye nondo laini ya mm 6, kisha nikakivuta pete ziachane kama mm 4. Pete zikigusana, umeme unakatisha njia na springi inageuka bomba tu.

Nilizichomeka kwenye sponji ya godoro ya sm 40 kwa 40, unene sm 5, moja kila sm 3; sponji za namna hiyo zilikuwa tatu. Vichwa vyake vielekee kila upande. Zikilala pamoja, sponji inakuwa kama wavu na kukupa pembe ya uongo.

Antena ni makopo mawili ya kipenyo cha sm 9, moja la kutuma na moja la kupokea: pini ya sm 3.1, ikae sm 5.1 kutoka kitakoni. Kati yake niliweka boksi lililofunikwa karatasi ya alumini, lenye tundu la sm 36, ili wimbi lisipite pembeni mwa sponji. Nilipimia kwenye kiwanja cha wazi upande wa Ihumwa, asubuhi kabla upepo wa Dodoma haujaanza kuyumbisha boksi. Karibu na mapaa ya bati usijaribu; mwakisiko wake unavuruga kila kitu.

Usiwinde namba ya chini kabisa ya nguvu ya wimbi, inarukaruka. Bila sponji, zungusha kopo la kupokea mpaka dBm −70 (dBm ni kipimo cha nguvu ya wimbi) upande wa kushoto, halafu wa kulia, uchukue pembe ya katikati. Rudia ukiwa na sponji. Tofauti ya hizo katikati mbili ndiyo pembe.

Kisha geuza sponji robo duara: pembe ikibadilika, springi hazijachanganyika vya kutosha. Ukiigeuza nyuma mbele, pembe haibadiliki. Springi zilizosokotwa kinyume na hizi huipeleka upande wa pili, na zikichanganywa nusu kwa nusu, huifuta.