Nilivyojifunza Kupima Macho Kakamega

Nyumbani kwetu Msambweni watu walimjua daktari wa macho na walilijua duka la miwani. Katikati ya hapo hawakumjua mtu. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusomea optometria katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, Kakamega, ami yangu aliuliza kama nitarudi nikiwatoa watu mtoto wa jicho. Nikamweleza kwamba anayepasua mara nyingi ni daktari bingwa, ambaye husomea udaktari kwanza ndipo abobee kwenye macho. Optometristi hupima uoni, huandika lenzi inayomfaa mtu, hukagua jicho nje na ndani, na akikuta ugonjwa uliomzidi humwandikia mgonjwa rufaa mapema.

Sababu ya kuichagua kazi hii ilikuwa maalim wetu wa madrasa. Nilipokuwa darasa la saba alianza kuushika msahafu mbali, kisha mbali zaidi, mpaka mikono ikaisha urefu. Akaacha kusomesha na kumwachia mwanawe. Sote tuliona ni uzee tu. Kisha wakaja wapimaji kwenye zahanati, wakampa miwani ya kusomea, na wiki ileile akarudi kwenye mkeka wake. Leo najua kilichokuwa kikitendeka: lenzi iliyo ndani ya jicho huzidi kuwa ngumu kadiri umri unavyosonga, na mtu akishapita miaka 40 na kitu haiwezi tena kujikunja ya kutosha kuona karibu. Si ugonjwa, na dawa yake ni kioo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 1 wana uoni hafifu ambao ungeweza kuzuiwa au ambao bado haujashughulikiwa, na kati yao milioni 826 shida yao ni ileile ya maalim. Kila nikiikumbuka hesabu hiyo huona mikeka mingapi imeachwa bure.

Kakamega ni mbali na Msambweni. Ni safari ya usiku kucha na sehemu ya mchana, na ukifika unakutana na mvua ya alasiri ambayo mtu wa pwani haizoei haraka. Karo niliimudu kwa mkopo wa serikali na mchango wa jamaa; hilo wanafunzi wengi wanalijua na sina jipya la kuongeza. Ninalotaka kulieleza ni namna nilivyoyashika masomo yenyewe, kwa sababu nilipokuwa nikianza nilitafuta maelezo hayo kwa Kiswahili nisiyapate.

Mwaka wa kwanza ulijaa biolojia, kemia ya mwili na anatomia. Hayo yanataka kukaa na kusoma, basi. Kilichowatisha wengi wetu ni fizikia ya mwanga. Mwanafunzi huingia akidhani atasoma habari za macho, akakuta ubao umejaa miale, vioo na hesabu za lenzi. Mimi nililivuka hilo kwa uzi. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, na dayopta ni moja gawanya kwa umbali wa metro: lenzi inayokusanya mwanga kwenye nusu metro ina nguvu ya 2, ya robo metro ina nguvu ya 4. Nilichukua uzi wa kushonea nikaufunga mafundo kwenye metro 1, sentimita 50, sentimita 33 na sentimita 25. Kisha nikamwendea mwenzangu wa chumbani, asiyeona mbali, nikamwomba avue miwani. Niliweka ncha ya uzi karibu na jicho lake nikausogeza ukurasa polepole mpaka aliposema herufi zinaanza kufifia. Ukurasa ulikuwa kwenye fundo la sentimita 33. Tukatazama karatasi ya miwani yake: kutoa 3.00, yaani lenzi ya dayopta 3 inayotawanya mwanga. Toka siku hiyo fomyula haikuwa tena maandishi ya ubaoni. Ilikuwa ni umbali ninaoweza kuunyoosha kwa mikono.

Baada ya hapo mambo mengi yalijipanga yenyewe. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi milimita 1 tu, picha hutua kabla ya kufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na mtu anahitaji karibu dayopta 3 za kutoa. Likipungua kiasi hichohicho, picha hutaka kutua nyuma ya retina, na anahitaji lenzi za kujumlisha, zinazokusanya mwanga. Milimita moja! Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, kwa sababu kuna watoto wanaoitwa wavivu darasani kwa ajili ya milimita hiyo.

Mtihani mkubwa zaidi kwangu ulikuwa retinoskopu. Ni kijitochi chenye mstari mwembamba wa mwanga. Unakaa gizani mbele ya mgonjwa, unaupitisha mstari ule kwenye mboni yake, na unatazama mng'ao mwekundu unaorudi kutoka ndani ya jicho. Mng'ao ukienda upande uleule unaopeleka mkono, unaongeza lenzi za kujumlisha. Ukienda kinyume, unaongeza za kutoa. Unabadilisha mpaka mboni yote iwake kwa pamoja pasiwe na mwendo wowote. Kisha unaondoa nguvu inayotokana na umbali uliokaa. Vitabu vingi hutumia sentimita 67, yaani unaondoa 1.50. Mimi mkono wangu ni mfupi, kwa hiyo mwalimu wa maabara aliniambia nifanye kazi kwenye sentimita 50 na niondoe 2.00 daima, nisichanganye. Ulikuwa ushauri mzuri kuliko wote niliopewa chuoni, maana kila nilipokaa nilijua ninapokaa.

Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba hakimwombi mgonjwa aseme neno. Unaweza kumpima mtoto mchanga, bubu, au mzee asiyesikia. Ugumu wake ni kwamba mkono na jicho lako vinapaswa kujifunza pamoja, na hakuna kitabu kitakachokufanyia hilo. Tulianza na jicho la bandia la maabara, ambalo urefu wake unaubadilisha kwa kulisukuma, halafu tukahamia kupimana wenyewe kwa wenyewe. Jioni tulikuwa watu wanne tunaotumia kifaa kimoja, kilichonunuliwa mkono wa pili kutoka kwa dada aliyehitimu, pasu kwa pasu. Tulizima taa, mmoja akaketi, akatazama mbali ukutani. Kutazama mbali ni lazima. Akiutazama mwanga wako, jicho lake litajikaza kuona karibu na vipimo vyote vitapotoka. Jicho la kulia nililipima kwa jicho langu la kulia na mkono wa kulia, la kushoto kwa kushoto, na huo mkono wa kushoto ndio uliochukua miezi kutulia. Kilichonisaidia ni kuitazama kasi na mwangaza wa mng'ao kabla ya upande wake: ukiwa hafifu na unajikokota, uko mbali na jibu, kwa hiyo usibadilishe lenzi ndogondogo, ruka. Ukiwa mkali na wenye mbio, umekaribia.

Tulipoingia kliniki nikagundua kwamba mashine ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuliza. Ukishapata kipimo cha retinoskopu, unakihakiki kwa kumwonyesha mgonjwa lenzi mbili mbili na kumuuliza ipi inamwonyesha vizuri zaidi. Wagonjwa wetu wengi walikuwa watu wazima, akina mama wa sokoni, wazee kutoka vijijini, akina kukhu, yaani bibi kwa Kiluhya, walioletwa na wajukuu. Wote wana adabu. Ukimuuliza kukhu, "Hii ni nzuri?" atakujibu, "Ni nzuri, daktari," kwa kila lenzi, maana hataki kukuvunja moyo. Na wengi huliona zoezi zima kama mtihani, wanaogopa kuanguka.

Nilibadili maneno. Kabla ya kuanza nilisema, "Mama, hapa hakuna jibu la makosa. Zikifanana, niambie zinafanana. Hilo hasa ndilo ninalolitafuta." Na ni kweli: katika kuhakiki silinda, yaani lenzi ya kurekebisha astigmatismu, jicho lisilopinda mwanga sawasawa pande zote, lenzi mbili zikionekana sawasawa ndipo unapojua umefika. Mara tu mgonjwa alipopewa ruhusa ya kusema zinafanana, majibu yake yakawa ya kweli na kazi ikawa fupi. Badala ya kuuliza kama lenzi ni nzuri, nilimwomba asome mstari mmoja chini. Asiyesoma nilimpa chati ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku, aonyeshe kwa vidole meno yake yanaelekea wapi. Aliyezungumza Kiluhya tu nilimwomba mjukuu wake atafsiri, lakini kwanza nilimfundisha mjukuu aulize hivyohivyo bila kumsaidia kujibu. Kwa wazee nilianza na shikamoo na habari za shamba. Mtu aliyesalimiwa vizuri hukaza macho kidogo zaidi kwa ajili yako.

Watoto ndio walionifunza kutoiamini chati peke yake. Tulipokwenda kupima shule za msingi, mwanafunzi mmoja wa kiume aliletwa na mwalimu wake kwa kuwa kila akisoma huumwa na kichwa na kupoteza mstari. Kwenye chati ya mbali alisoma hadi 6/6, kiwango cha uoni wa kawaida, akanyanyuka kwenda zake. Lakini jicho fupi la mtoto linaweza kujikaza na kuona mbali barabara, huku likichoka kabisa kwenye daftari. Kuna njia rahisi ya kulikamata: mvishe lenzi za kujumlisha 2.00 kisha umsomeshe chati tena. Mtoto mwenye macho ya kawaida ataona ukungu. Huyu alisoma vilevile, mstari wote. Tulimwita kliniki, akatiwa matone ya kulegeza msuli wa ndani ya jicho, na retinoskopu ikatuonyesha kilichokuwa kimejificha. Aliporudi na miwani, mwalimu wake alisema hakuwa anajua kwamba mtoto huyo anapenda kusoma. Mpaka leo, nikisikia shule imepimwa kwa chati tu na watoto wote wamepita, huwa sitosheki.

Kuna kifaa kingine kidogo ninachokipenda kupita vyote, na kinaweza kutengenezwa kwa karatasi ngumu: tundu dogo, upana wake kama milimita moja hivi. Mgonjwa asiyeona vizuri akichungulia kwenye tundu hilo na herufi zikamtokea, shida yake ni ya lenzi, na miwani itamfaa. Zisipotokea, acha habari ya miwani kwanza, tafuta ugonjwa. Wazee kadhaa walifika wakiomba miwani yenye nguvu zaidi, kumbe tundu halikuwasaidia hata kidogo. Ukitazama ndani unakuta kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho kimechimbika katikati, na mipaka ya uoni imeshasinyaa. Hiyo ni glakoma, ambayo watu huiita presha ya macho, na hula pembeni bila maumivu huku mtu akiendelea kuona mbele. Kilichopotea hakirudi. Kinachoweza kulindwa ni kilichobaki, kwa dawa au upasuaji, kwa hiyo rufaa yake haingoji wiki. Tulimpeleka mgonjwa kwa daktari bingwa, na mimi nikajifunza kukaa na familia na kuwaeleza polepole kwa nini mzee hatapewa miwani leo. Hayo ndiyo mazungumzo magumu zaidi niliyowahi kuyafanya kwa Kiswahili, na hayamo kwenye mtaala wowote.

Karakana ya lenzi wanafunzi wengi waliidharau, wakiona ni kazi ya fundi. Mimi niliipenda. Lenzi ya kutoa 6.00 ikikaa kwenye fremu ikiwa imepotoka milimita 5 tu kutoka katikati ya mboni, inaupinda mwanga kwa kiasi cha prizimu 3, na mtu atarudi akilalamika kichwa ilhali namba yake ni sahihi. Ndiyo maana upana kati ya mboni na mboni lazima upimwe kwa kila mtu. Mgonjwa akija na miwani "isiyofanya kazi", mimi huanza na rula kabla ya kumpima upya.

Kwa anayefikiria kuomba nafasi: hapa Kenya nenda na Biolojia, Kemia, Fizikia na Hisabati zilizoshikwa vizuri, hasa Fizikia. Makerere kule Kampala wanafundisha, na Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC wamekuwa wakifunza wapimaji kwa miaka mingi. Kabla ya kuchagua, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo hicho umuulize mambo mawili: ameshika retinoskopu kwa mikono yake mara nyingi kiasi gani, na ni wagonjwa wangapi amewapima yeye mwenyewe kuanzia salamu hadi karatasi ya miwani. Akikujibu kwamba mara nyingi alikuwa akitazama mwalimu akipima, endelea kutafuta chuo kingine.