Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa madaktari wanafunzi

Saa 1:30 asubuhi. Raundi ya kuwapitia wagonjwa wodini inaanza. Mwanafunzi anasoma faili: "Mgonjwa wa kisukari, mtoro wa kliniki, hafuati ushauri." Namuuliza, mtoro kwa nini? Kimya. "Basi muulize, Daktari. Huyo hapo anakusikia."

Mama anaeleza bila hasira. Mumewe amepooza, na kliniki inafunguliwa saa zilezile za kumwogesha, kumgeuza na kumlisha. Faili limejaa viwango vya sukari tangu mwanzo hadi mwisho, lakini hakuna aliyeandika habari hizo. Mwanafunzi anafuta "mtoro" na kuandika "anauguza, hana wa kumwachia mgonjwa". Sasa tuna kitu cha kutibu: miadi ihamishiwe mchana, na dawa za miezi miwili apewe kwa mara moja. Muuguzi wa zamu analimaliza kwa simu moja. Wauguzi huyajua mambo haya mapema kuliko sisi, ila hatuwaulizi.

Saa 4. Mzee mwenye ngozi nyeusi anahema kwa shida. Kipima oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 93. "Yuko sawa," anasema mmoja wao. Mwangalie mzee, usiangalie namba! Kifaa hicho hupitisha mwanga kwenye ngozi, na melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hufyonza sehemu ya mwanga huo, hivyo namba inaweza kuwa juu kuliko hali halisi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwachukua wagonjwa ambao kifaa kiliwasoma kati ya 92 na 96. Damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ilipopimwa, asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Tunachukua damu ya ateri ya mzee. Majibu: 86. Anawekewa oksijeni, na somo la fiziolojia limeshafundishwa.

Saa 6 mchana, darasani. Mada ni figo. Nawaonyesha fomula ya mwaka 2009 ya kukadiria kazi ya figo kutokana na kreatinini, taka ya mwili inayopimwa kwenye damu: mgonjwa akiwa mweusi, jibu linazidishwa kwa 1.159. Figo zake zinaonekana nzima kuliko zilivyo, na rufaa kwa bingwa au nafasi kwenye orodha ya kupandikizwa inachelewa. Fomula mpya ya mwaka 2021 imeondoa kipengele hicho.

"Kwa hiyo walioitunga walikuwa wabaguzi, Mwalimu?"

Swali zuri, na jibu la "ndiyo" lingekuwa jepesi mno. Waliona tofauti ya kweli kwenye takwimu zao, wakaibandika jina la rangi, kisha wakaacha kuuliza inatoka wapi. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu mtu mwema kabisa anaweza kulifanya.

Chakula, haraka haraka.

Saa 8. Kamati ya mtaala. Kuna pendekezo la kuongeza mhadhara mmoja wa usawa katika afya, mwishoni mwa muhula. Napinga, na wenzangu wanashangaa, maana kelele za usawa huwa ni zangu. Mhadhara usiotahiniwa hausomwi. Usawa uingie kwenye figo, kwenye mapafu, kwenye namna ya kuandika faili. Si jambo geni hata kidogo: mwaka 1848 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alitumwa Silesia ya Juu, wakati huo sehemu ya Prussia, kuchunguza mlipuko wa tifasi, homa inayoenezwa na chawa, akarudi na ripoti inayodai elimu, mishahara bora na demokrasia. Huyu ndiye yuleyule tunayemfundisha kwa habari za seli! Kamati inaahirisha uamuzi, kama kawaida yake.

Saa 11 jioni. Natunga maswali ya mtihani. Swali la zamani la maambukizi ya ngozi linasema "wekundu" na picha yake ni ya mguu mweupe. Naweka picha ya mguu mweusi na kuandika: ngozi ina joto, imevimba, inang'aa, rangi imegeuka kama zambarau. Mwenzangu anaona wanafunzi wengi watalikosa. Basi kesho raundi itaanzia kwa wagonjwa wa ngozi.